Ushuru wa Malindi uko ufuoni, si sokoni

Ukikaa barazani Malindi siku hizi na mazungumzo yakafika kwenye Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024, utaambiwa kwa uhakika kwamba serikali imebuni ushuru mpya wa kumtoza mtu kwa ardhi ya babu yake, na kwamba atakayeshindwa kulipa shamba litapigwa mnada. Hofu hiyo ina sababu zake, nami nitazifikia. Hata hivyo imesimama juu ya kosa. Reti, yaani ushuru unaotozwa kwa thamani ya ardhi na mali iliyo juu yake, zimekuwako tangu siku za baraza la manispaa, kabla ya ugatuzi, na sheria mbili zilizofutwa na hii ya sasa zilitungwa miaka ya 1950 na 1960. Kilichobadilika ni kwamba kaunti inatakiwa kuandaa upya daftari la thamani ya ardhi, kwa kawaida kila miaka 5, badala ya kuliacha lizeekee kabatini. Nairobi ilitumia daftari la 1982 mpaka miaka michache iliyopita, na hiyo ndiyo kaunti yenye wathamini wengi kuliko zote. Daftari likizeeka hivyo, mwenye chumba kimoja katika mtaa wetu wa Kisumu Ndogo hapati nafuu yoyote. Nafuu humwendea mwenye ekari mbili za ufuoni, ambaye kiwanja chake kimepanda bei mara nyingi huku bili yake ikibaki pale pale.

Msimamo wangu ni huu: Malindi hutoza sana mahali ambapo watu hawana, na hutoza kidogo mno mahali ambapo mali ipo. Hospitali, maji na taka vitabaki kama vilivyo mpaka mizani hiyo igeuzwe. Mjadala wetu wa ushuru kila Juni hufunga safari kwenda Nairobi kuufuata Mswada wa Fedha, na ukirudi huwa umechoka, haujagusa ushuru mmoja ambao Katiba imeuweka mikononi mwa kaunti yetu.

Tuanze na mgawanyo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaoomba kura, huchanganya mambo. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kiliipa serikali ya kitaifa ushuru wa mapato, ushuru wa ongezeko la thamani (VAT), ushuru wa forodha na ule wa bidhaa kama vile sigara. Kaunti zikapewa reti za mali, ushuru wa burudani na ada za huduma zinazotolewa. Ukiishia hapo utasema kaunti zilitupiwa makombo. Sasa soma Jedwali la Nne, uone kazi walizopewa: zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, masoko, barabara za kaunti, maji, taka, zimamoto. Kazi zinazomgusa mtu kila siku ziko kwa mwenye mfuko mdogo. Pengo hilo huzibwa na mgao kutoka Hazina Kuu, ambao kifungu cha 203 kinasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge.

Kilifi, kaunti yetu, ilikuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya 2019. Mwaka wa fedha wa 2021/22 ilitengewa takriban shilingi bilioni 11.6. Bilioni ni neno zito likisemwa jukwaani, lakini gawanya hizo kwa idadi ya watu: ni kama shilingi 8,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima, yaani shilingi 22 kwa siku. Ndani ya shilingi 22 hizo mna mshahara wa daktari, dawa, mwalimu wa chekechea, dizeli ya gari la wagonjwa, gavana na walinzi wake, na mwakilishi wadi aliyekwenda kufanyiwa semina Mombasa. Mtu anayeuliza kwa nini hospitali ya Malindi inamtuma akanunue glavu duka la nje, aanzie kwenye hesabu hiyo. Wizi upo, na nitausema. Lakini hata siku ambayo hakuna aliyeiba, shilingi 22 ni shilingi 22.

Na nyingi ya hizo si zetu kwa maana ya kuziamulia. Katika mwaka wa 2022/23 kaunti zote 47 kwa pamoja zilikusanya mapato yao wenyewe ya takriban bilioni 38, ilhali mgao kutoka Nairobi ulikuwa bilioni 370. Ni kumi kwa moja. Serikali inayopata shilingi tisa kati ya kumi kutoka kwa mtu mwingine itamsikiliza mtu huyo. Hazina ikichelewesha mgao, mishahara huchelewa, wahudumu wa afya huweka vifaa chini, na gavana husimama mbele ya kamera akilaumu Nairobi. Mara nyingi lawama hizo ni za kweli. Lakini pia zamfaa sana, maana gavana asiyetegemea ushuru wa watu wake hana sababu kubwa ya kuwaogopa watu wake.

Hapa sina budi kugusa Juni 2024, ingawa najua kidonda hakijapona. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikusudiwa kuongeza takriban bilioni 346. Tarehe 25 vijana waliingia barabarani nchi nzima, makumi wakauawa katika maandamano hayo, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Walichokataa kilistahili kukataliwa, kwa sababu kutozwa bila kusikizwa ni kutozwa kwa nguvu. Lakini kilichofuata hakikuzungumzwa vya kutosha huku kwetu. Mgao wa kaunti wa mwaka ule ulikuwa umeshapitishwa kuwa bilioni 400.1. Mswada ulipoanguka, Hazina ilirudi bungeni kuupunguza, na baada ya mvutano mrefu kati ya Seneti na Bunge la Taifa ukashuka mpaka bilioni 387.4. Madeni ya taifa hayakupunguzwa, kwa kuwa Katiba inayaweka mbele ya kila kitu kwenye Mfuko Mkuu. Mishahara nayo haikatiki kirahisi. Mkasi ukashuka pale ulipopata nyama laini, na mojawapo ya sehemu hizo ilikuwa fedha ambazo zingefika Kilifi, Lamu na Tana River. Nasema hivi kwa sababu moja tu: kuzuia ushuru mbaya hakuleti ushuru mzuri. Pesa za huduma bado zitatakiwa, na swali la nani azitoe litabaki limekaa barazani linatungoja.

Kuna hoja moja ambayo husikika kwa ndimi mbili tofauti, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Wananchi husema: sisi maskini wa Pwani hatulipi ushuru, mambo hayo ni ya wenye mishahara. Maafisa nao husema kilekile wakiwa wamekunja uso: nyinyi hamlipi ushuru, mnadai huduma gani? Wote wawili wamekosea. Dereva wa tuktuk anayejaza petroli hapo mjini analipa VAT ya asilimia 16, iliyopanda kutoka 8 mnamo Julai 2023, na juu yake tozo ya barabara ya shilingi 25 kwa kila lita. Akimpigia mteja simu, kuna ushuru wa asilimia 15 kwenye muda wa maongezi. Tangu Oktoba 2024 anatakiwa pia kuchangia bima mpya ya afya, asilimia 2.75 ya kipato chake, na isipungue shilingi 300 kwa mwezi. KRA, mamlaka ya ushuru ya taifa, yenye kaulimbiu ya “Tulipe Ushuru, Tujitegemee” ilikusanya takriban trilioni 2.57 katika mwaka wa 2024/25, na humo mna jasho la watu ambao hawajawahi kujaza fomu ya ushuru hata siku moja. Tofauti ni kwamba mwenye mshahara huuona ushuru wake kwenye hati ya malipo, na huyu wa tuktuk umefichwa ndani ya lita. Kwa hiyo mmoja huuliza na mwingine hunyamaza.

Sasa tuingie sokoni. Kila alfajiri, kabla samaki hajauzwa, mkusanyaji wa kaunti amekwishapita na kitabu chake cha risiti. Chukua mfano wa kukisia, hesabu ya kalamu tu. Mama anayeuza samaki analipa shilingi 50 kwa siku, anafanya kazi siku 300 kwa mwaka: hizo ni 15,000. Mtaji wake wa kila asubuhi pengine ni shilingi 5,000, kwa hiyo katika mwaka anaipa kaunti mara tatu ya mtaji alionao mkononi, na siku ambayo bahari imechafuka na samaki hakupatikana, tikiti bado ni 50. Tuondoke hapo twende Casuarina. Kiwanja cha ufuoni chenye thamani ya milioni 40, kikitozwa reti ya nusu asilimia, kinatoa 200,000 kwa mwaka. Mwenyewe ametoa sehemu moja katika mia mbili ya thamani ya mali yake, mali ambayo huenda imepanda bei kuliko hiyo mwaka huohuo, na mwenyewe amelala.

Linganisha pia gharama ya kukusanya. Kupata hizo 200,000 sokoni, kaunti inahitaji akina mama kumi na watatu au kumi na wanne walipe kila siku bila kukosa, na mtu wa kuwafuata kila asubuhi, na mtu wa kumchunga huyo mtu, na kanjo, askari wa kaunti, wa kubeba beseni la asiyelipa. Pesa taslimu za kitabu cha risiti ni maji ya kubebwa kwa tenga, kila mkono zinaopitia zinapungua. Kiwanja kinahitaji bili moja na malipo moja ya benki yenye rekodi. Wala kiwanja hakiwezi kuhamishiwa jina la shemeji kikajificha stoo. Kipo palepale, kinaonekana kwa macho, na ukitaka hata kwa setilaiti.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Malindi na Watamu kwa sababu ya aina ya uchumi tulio nao. Nyumba nyingi za kifahari hukodishwa kwa wageni kupitia mitandao, na katika baadhi ya hizo malipo hayagusi Kenya kabisa: mgeni hulipa Milano, mwenye nyumba hupokea Milano, na Malindi hubaki na taka. Sheria ya taifa inataka mwenye kipato cha kodi ya nyumba ya makazi kisichozidi milioni 15 kwa mwaka alipe asilimia 7.5 kila mwezi, baada ya kiwango kushushwa kutoka 10 mnamo Januari 2024. Lakini KRA itatoza vipi kipato isichokiona? Reti haina haja ya kuona kipato. Inatazama ukuta na ardhi. Kwa mji wenye mali nyingi na vipato vya kufichika, sioni ushuru mwingine unaofaa hivi.

Wapo wanaonijibu kwa historia, na jibu hilo nalipa heshima yake. Katika ardhi hii ya Wagiriama, kukataa kodi kuna jina na sanamu. Mnamo 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka akiwaapisha watu wasitoe vijana wao kufanya kazi za Waingereza na wasikubali amri zao, kodi ya kibanda ikiwemo. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa hadi nchi ya Wagusii, na 1914 wakatoroka na kurudi. Mwaka huohuo Waingereza waliwachomea Wagiriama nyumba na kuwafukuza kutoka kaskazini mwa mto Sabaki. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo kwenye damu hawezi kuambiwa “lipa ushuru” na mtu wa suruali ya kaki akashangilia. Lakini tuangalie kodi ile ilikuwa kodi gani. Ilikuwa na kiwango kimoja kwa kila kibanda, cha tajiri na cha fukara, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kumtoa mtu shambani kwake akatafute kibarua cha mzungu. Ukitafuta mrithi wake mjini Malindi leo, usimtafute kwenye reti ya kiwanja cha milioni 40. Yuko kwenye ile tikiti ya asubuhi, ya kiwango kimoja kwa wote, inayodaiwa kabla mtu hajapata hata shilingi.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu ni kwamba pesa zitaliwa. Sitaizunguka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka walau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Fungua ripoti za Msimamizi wa Bajeti, robo baada ya robo, uhesabu kaunti zinazotimiza yote mawili, vidole vitabaki. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu nazo zimejaa malipo yasiyo na hati na majengo yaliyoachwa yamefika kwenye linta. Basi, wasema wenzangu, tuwanyime pesa mpaka washike adabu.

Shida ya dawa hiyo ni kwamba haimfiki mgonjwa. Kaunti ikikosa pesa, ina mpangilio wake wa nani alipwe kwanza, na kila mtu aliyewahi kufanya biashara na serikali anaujua: mishahara, posho, safari, kisha kontrakta mwenye jamaa ofisini. Dawa za zahanati ya Marafa ziko chini kabisa ya orodha. Ukipunguza mapato kwa robo, mlaji hatapoteza robo ya mlo wake, ila zahanati yaweza kupoteza vyote. Kumnyima pesa mwizi ambaye ndiye anayeshika funguo za ghala ni kuwanyima wanaokula baada yake.

Kuna upande mwingine wa hoja hii ambao huwa hauangaliwi. Mtu anayepelekewa bili ya 200,000 yenye jina lake huwa na wakili, ana muda, na ana hasira. Atauliza kwa nini taa za barabarani hazijawaka na lori la taka limekwenda wapi. Namtaka mtu huyo mezani. Leo hana sababu ya kukaa nasi; amechimba kisima chake, ana jenereta yake, analinda lango kwa kampuni yake, na mtoto wake akiugua anapandishwa ndege uwanjani pale. Mji ambao wenye uwezo wake wamejitoa kwenye huduma za umma huwa na huduma za watu wasio na sauti, na sote twajua huduma hizo hufananaje. Hata hivyo sitaki kuuza ndoto. Baraza la manispaa la zamani lilitoza reti na mji haukuwa peponi. Ushuru humpa mtu sababu ya kudai, haumhakikishii kwamba atapewa.

Kinachoweza kusaidia ni kufupisha safari ya pesa. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 iliruhusu hospitali za umma kubaki na pesa wanazokusanya badala ya kuzituma kwanza makao makuu ya kaunti na kuzisubiri zirudi. Ndivyo ningetaka reti za Malindi zifanywe: sehemu inayojulikana, iliyoandikwa kwenye sheria ya fedha ya kaunti, ibaki kwa bodi ya manispaa ya Malindi kwa ajili ya taka, mitaro na taa. Watu wa huku wamelalamika tangu 2013 kwamba mji wao uligeuzwa mkia wa Kilifi. Wakiona reti ya Malindi ikifagia Malindi, malalamiko hayo yatapata pa kushika.

Kuhusu wafadhili sitakaa sana. Malindi ina visima na madarasa mengi yenye vibao vya majina ya watu wema kutoka ng'ambo, na Mungu awalipe. Lakini mnamo tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na ndani ya wiki chache kliniki za dawa za Ukimwi kote Kenya zilikuwa zikihesabu vidonge vilivyobaki. Kura hatukupiga, wala hatukuulizwa. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mwenzio haulambwi milele.

Wawekezaji ni suala zito zaidi kidogo. Wenye hoteli husema reti ikipanda watafunga, na msimu wa mvua za Aprili hadi Juni, hoteli zikiwa na walinzi tu na kunguru, usemi huo una ukweli: reti hudaiwa hata mwaka ambao mgeni hakuja. Malindi yaujua mwaka kama huo; baada ya ghasia za 2007 na 2008, na tena miaka ya mashambulizi na maonyo ya safari, watu waliachishwa kazi kwa mamia. Kwa hiyo naunga mkono reti ilipwe kwa awamu zinazofuata msimu, na pawe na utaratibu wa kuahirisha mwaka wa balaa. Lakini ardhi haihami. Mwenye hoteli anaweza kufunga milango. Hawezi kuubeba ufuo wa Mayungu kuupeleka Zanzibar. Na viwanja vingi ninavyovizungumzia havina hoteli wala mfanyakazi. Vimezungushiwa ukuta, vinangoja bei, na ukuta wenyewe umeziba njia ya wavuvi kwenda majini. Mwenye kiwanja cha namna hiyo akilazimika kuchagua kati ya kukitumia, kukiuza au kukilipia, mji umefaidika kwa lolote atakalochagua.

Nimeiacha mpaka sasa hofu ya mwanzo, ile ya shamba la babu, kwa kuwa ndiyo inayonipa shida kweli. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wa maili kumi wapeleke madai yao ya ardhi, na waliojua njia ya ofisini walipata hati. Wamijikenda wengi hawakupata, na ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza au ya mtu mwingine. Wajukuu wao ndio maskwota wa leo, juu ya mashamba ambayo wenye hati wengine hawajaonekana kwa miaka. Kisheria reti humwangukia mwenye jina kwenye daftari, kwa hiyo skwota hatumiwi bili. Ila katika mitaa ya miji ya Pwani kuna watu wanaomiliki nyumba bila ardhi, wanaomlipa mwenye kiwanja kodi ya mwezi au mwaka, na mwenye kiwanja akipata bili mpya ataipitisha kwao siku hiyohiyo. Hofu ya barazani imekosea jina la ushuru, lakini imeona mbali. Kaunti isipoweka sheria ndogo ya kuzuia mzigo huo usishushwe chini, na kiwango cha msamaha kwa viwanja vidogo vya makazi, reti itaishia kuwa kodi ya kibanda kwa mlango wa nyuma, na mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Upande mwingine wa shilingi hiyohiyo ni daftari lenyewe. Ili kaunti itoze, lazima iandike kila kiwanja, thamani yake na mwenyewe. Tangu 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Daftari litaonyesha nani amekodi nini. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini, viwanja vya ufuoni vikiwemo. Kiwanja cha umma kilichoporwa kikiletewa bili, mporaji atachagua kati ya kulipa kwa jina lake mbele ya watu au kukana kwamba ni chake. Rasimu ya daftari la thamani huwekwa wazi kwa umma, na mtu ana siku kadhaa za kulikagua na kupinga. Nashuku kwamba hiyo ndiyo sababu madaftari mengi ya thamani nchini huchelewa namna yanavyochelewa, na ndiyo maana uvumi kuhusu shamba la babu unawafaa watu ambao babu zao hawakuwahi kulima hapa.

Viwango vyote hivi, vya reti na vya tikiti ya soko, hukaa ndani ya Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao huja baada ya bajeti ya Juni, na Katiba inalitaka bunge la kaunti liwasikilize watu kabla ya kuupitisha. Vikao hivyo vya maoni vikifanywa saa tatu asubuhi siku ya kazi, ukumbi hujaa maafisa na wenye kulipwa kuhudhuria, nao akina mama wako sokoni. Mwaka huu viitishwe pia alasiri, Maweni, Mambrui na Gongoni, baada ya samaki kwisha, na jedwali la viwango libandikwe ukutani kwa Kiswahili wiki mbili kabla.